Kona Isiyoliwa

Siku ya kwanza kumwona alikuja na trei kuukuu, ameifunga kwenye kipande cha shuka la hospitali. Nilikuwa kibandani kwangu nyuma ya ghala la saruji, napiga ukingo wa karai. Alisimama upande wa jua akanisubiri nimalize. Watu wengi hawasubiri. Wanaongea juu ya nyundo, halafu wanalalamika kwamba fundi hasikii.

"Inavuja," alisema, akaifungua.

Trei ile ilikuwa imekwisha. Kitako kimeliwa na kutu, kona mbili zimeachia, na kwenye mikunjo kulikuwa na sukari iliyoungua zamani, nyeusi kama lami. Nikamwambia hii haizibiki, nitamtengenezea nyingine kwa bati la debe la mafuta ya kupikia. Nikachukua kipimo. Nikamshauri, kwa sauti yangu hii ndogo, kwamba nikiirefusha kidogo bati litatumika lote bila kubaki vipande.

"Usiniongezee wala usinipunguzie," alisema. "Mraba, hivihivi. Kona nne, na kila kona ina mwenyewe. Ukiirefusha, mume wangu ataniuliza ni nani huyo mwingine anayekuja kula."

Fundi viatu, jirani yangu, alicheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni. Mimi sikucheka, ingawa maneno yalichekesha. Nikicheka mbele ya mwanamke nisiyemjua masikio yangu yanawaka moto. Niliishia darasa la saba, na katika miaka yote saba nadhani nilinyoosha mkono mara mbili. Kazi ya bati ilinifaa kwa sababu bati linapiga kelele kwa niaba yako.

Alikuwa dobi hospitalini. Kutwa alisimama kwenye chumba cha kufulia ambako kuta zilitoka jasho, akisukuma mashuka kwenye mashine na kuyatoa, akiyachambua yale yenye damu na yale yasiyo nayo. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe, zimechubuliwa na dawa. Alisema vidole hivyo ndivyo vilivyofaa kwa mapishi yake, maana vilikuwa vya baridi siku zote, na siagi haipendi mkono wa moto.

Mapishi yenyewe nyumbani kwake waliyaita chenga. Unakatakata matunda, unayatandaza kwenye trei na sukari kidogo na ndimu, halafu unafikicha unga na siagi na sukari mpaka viwe vipunje kama chenga za mchele, unavinyunyiza juu. Inaingia kwenye oveni. Ikitoka, juu ni kahawia na inavunjika mdomoni, chini matunda yamelegea na maji yake yanachemka pembeni. Hapo pembeni ndipo penyewe. Maji ya matunda yakifika kwenye kona yanaganda kama peremende na chenga zinashikana nayo. Katikati ni laini tu, mvuke umepalowesha. Alifundishwa na mama yake, aliyekuwa mpishi wa bweni la wauguzi, na yeye akawapikia wanawe kila Jumapili.

Trei ya mraba ina kona nne, nao walikuwa watano. Mume, seremala, kona yake ilikuwa ya upande wa dirisha. Mtoto wa kwanza, dereva wa lori, yake ilikuwa ya upande wa mlango. Iliyofuata ni ya binti, fundi cherehani. Ya nne ilikuwa ya kitinda mimba, waliyemwita Njiti kwa wembamba wake. Mama alikula katikati.

"Kumbe wewe unapenda laini," nilimwambia siku moja, baada ya kuzoeana.

"Nani kakwambia napenda laini? Kona ziliisha."

Trei ilipotimiza miaka mitatu mumewe alifariki. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa mapafuni. Baada ya msiba, Jumatatu moja, alikuja kibandani akitoka zamu ya asubuhi, na sahani imefunikwa na sahani nyingine.

"Kona ya mzee," alisema. "Kula."

Nilisema hapana, siwezi kula cha marehemu.

"Aliyezikwa kona yake inaliwa. Huyu najua alipo, nimemmwagia udongo kwa mkono wangu huu. Kula, mdogo wangu, kabla haijalainika."

Nikala. Ilikuwa ya nanasi. Akakaa kwenye debe lililopinduliwa akaniangalia ninavyotafuna, akaanza kunieleza kwamba mzee alipenda iungue kidogo, na kwamba siku moja aliiacha ikaungua kweli, moshi ukatoka mpaka majirani wakaja na ndoo, na mzee akaketi katikati ya moshi ule akala kona yake huku macho yanamtoka machozi, anasema leo ndiyo umepatia. Alicheka. Halafu akachukua sahani zake akaenda.

Tangu hapo kila Jumatatu. Kila tunda lilikuwa na mtu wake. Mapera yalikuwa ya Njiti, kwa sababu aliwahi kupanda mpera wa jirani akiwa na sare za shule, suruali ikanasa kwenye tawi, akaning'inia mpaka jirani akatoka na mkanda, na badala ya kumchapa akacheka mpaka akashindwa kumshusha. Ndizi zilikuwa za binti. Nilikuwa najua harufu ya sahani kabla hajaifunua, na nikijua harufu najua hadithi itakayokuja.

"Umerithi kona," fundi viatu alinitania, "bado kitanda."

Alimsikia. "Wewe viatu vyenyewe vinakushinda," alimjibu, "utaweza ushenga?"

Kuna maneno niliyotaka kumwambia miaka ile. Nikisema nilikosa nafasi nitakuwa naongopa. Nilikuwa na Jumatatu zote.

Njiti alipofikisha miaka ishirini na miwili aliondoka. Alivuka mpaka kwenda machimboni, na vijana wengine wawili wa mtaa. Kila Jumapili alipiga simu saa ya chakula, mama anaiweka mezani kando ya trei ili wote wasikie.

"Kona yangu ipo?"

"Ipo."

"Asiiguse mtu. Huyo dereva namjua."

Ilikuwa hivyo miezi minane. Jumapili moja simu haikulia. Mama akapiga yeye, akaambiwa namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. "Yule dada wa kwenye simu ana adabu kuliko wanangu," aliniambia. "Hajawahi hata siku moja kunisemesha kwa hasira."

Mwana mkubwa aliomba likizo akaenda na picha. Alikaa kule wiki mbili. Kambi ilikuwa imehamishwa. Vijana wa kule hubadilisha majina, na wale wawili walioondoka naye hawakuonekana. Mtu mmoja alimwambia shimo liliwahi kuporomoka, lakini hakuwa na jina hata moja la aliyekuwa ndani. Alirudi amekonda.

"Umeona kaburi?" mama alimuuliza.

"Sikuona, mama."

"Basi."

Hilo basi lilidumu miaka saba. Kila Jumapili alipika, akakata kona tatu, na kona ya Njiti akaiacha kwenye trei, akaifunika kisosi, akaiingiza kabatini. Haikuliwa na mtu. Kuku hawakupewa. Ilikaa humo wiki nzima, na Jumamosi jioni aliiloweka kwa maji ya moto akaibandua ili trei iwe safi kwa kesho yake. Mimi niliijua trei ile kwa mkono. Nilimtengenezea ya pili na ya tatu, kipimo kilekile, na kila ya zamani iliporudi kwangu ilikuwa imelika kwenye kona moja kuliko zote. Maji ya matunda yakikaa juu ya bati wiki nzima yanalila.

Binti yake alinipitia siku moja kuchukua karai. "Mjomba," alisema, maana wote waliniita hivyo, "kona ya Njiti inakaa wiki nzima kabatini kama mgeni wa heshima. Sisi wazima tukichelewa dakika kumi tunasemwa." Alisema kama utani. Kisha akasema kwamba mama halali Jumamosi, anasikiliza lango, na kwamba mama amepungua mpaka yeye binti ameshambania nguo zote upya. "Natoa kitambaa kiunoni kila mwezi. Kitaisha, mjomba."

Baada ya wiki chache akaja mwana mkubwa mwenyewe. Lori aliliacha barabarani, akaingia ameinama maana kibanda changu ni kifupi. Alikaa kwenye debe lile lile analokalia mama yake.

"Nataka trei," alisema. "Ya duara."

Nikaendelea kukata bati.

"Mjomba, umenisikia?"

"Ya nani?"

"Ya mama. Amefikisha miaka sitini na tano, tunataka tumfanyie kitu. Ile ya mraba tutaiondoa." Aligeuza kofia mikononi. "Akiwa na ya duara hakuna kona. Tutakula kama watu wengine, kila mtu na kipande chake. Labda atapumzika. Mimi nilikwenda kule, mjomba. Nililala kwenye ile kambi. Nikimwona anafunika kile kisosi nahisi ananiambia sikutafuta vizuri."

Alilia kidogo, mtu mzima vile. Mimi sijui kukaa na mtu anayelia. Nikasema sawa, njoo keshokutwa.

Trei ya duara ina kazi kuliko ya mraba. Ya mraba unakunja bati moja kama bahasha na kona zinajizaa zenyewe. Ya duara unakata kitako, unakata mkanda wa pembeni, unaunganisha viwili kwa mkunjo, unagonga mzunguko mzima taratibu, ukikosea pigo moja inapinda. Ilinichukua siku mbili. Kwa hiyo sikufanya kwa haraka. Nilikuwa na siku mbili za kufunga kibanda, kutembea mtaa mmoja na nusu, kumwambia dada, wanao wanataka kufanya jambo hili, unasemaje. Nilijua lile neno lake la aliyezikwa na asiyezikwa. Nadhani wanawe hawakulijua, aliniambia mimi. Nikagonga mpaka ikaisha. Ilitoka vizuri sana.

Jumapili hiyo nilialikwa. Niliingia nyumba ile kwa mara ya kwanza, miaka yote ile nikiifahamu kwa maneno tu. Sebule ilikuwa na meza aliyoichonga mumewe, mguu mmoja umewekewa kipande cha mpira, na kabati lenye kioo kilichopasuka. Mama alinikaribisha kwa furaha ambayo sijaiona tena. Wanawe wote wawili walikuwa wamekuja siku moja, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu mwaka juzi, na binti alimkataza asiingie jikoni.

"Leo nimepigwa marufuku," aliniambia, tukiwa tumekaa barazani. "Nasikia harufu ya mapera. Wameweka ndimu kidogo mno, lakini sisemi."

Akanisimulia tena ya mpera na mkanda. Aliongeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba Njiti alipoteremshwa hakumkimbilia mama yake, alimkimbilia jirani akamwomba yale mapera aliyoyaangusha, akayaleta nyumbani ndani ya shati. "Aliniambia, mama, hata nikipigwa, usiyaache yaoze." Alitazama barabara. "Mtoto wa namna hiyo hawezi kusahau njia."

Nafasi ilikuwa hapo. Wanawe wako ndani, fundi viatu hayupo wa kunicheka. Nilifungua mdomo. Nikasema mvua itanyesha wiki hii.

Tukaitwa. Binti aliileta amevaa vitambaa mikononi, akaiweka katikati ya meza. Chenga zimeiva, kahawia, maji ya mapera yanachemka kuzunguka ukingo wote, duara zima, bila pa kuganda.

Mama aliitazama. Akaizungusha kwa kidole kimoja, kidogo tu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Kona ziko wapi?"

"Zawadi yako, mama," mwana mkubwa alisema. "Sasa hakuna mkubwa wala mdogo. Hata wewe unakula pembeni leo."

Mama alipitisha kidole chini ya ukingo, pale ninapopinda bati mara mbili ili lisimkate mtu mkono. Hakuna fundi mwingine hapa anayepinda mara mbili. Kisha akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa natazama kipande cha mpira chini ya mguu wa meza. Nakikumbuka mpaka leo, ni cha tairi ya baiskeli.

Binti akakata vipande vinne vilivyolingana. Hakikubaki kitu kwenye trei. Mama alichukua chake akala. Alikula polepole mpaka akamaliza, akakusanya hata punje za kwenye sahani kwa ncha ya kidole, na sisi tukamwangalia tukidhani labda imefaa. Binti alianza hata kutabasamu.

Akaweka kijiko.

"Mmemzika lini?" aliuliza.

Binti alikisukuma kisu kando ya trei.

"Nauliza lini. Na mimi ningevaa nikaja. Ni mwanangu."

"Mama, miaka saba," mwana mkubwa alisema.

"Sijauliza miaka mingapi. Nimeuliza lini."

Akainuka, akakusanya sahani zetu, ya kwangu ikiwa bado na chakula, akaenda kuziosha. Tulisikia maji yakitiririka muda mrefu. Nikaondoka bila kuaga, na huo nao ulikuwa mtindo wangu.

Jumatatu hakuja. Hiyo niliitegemea. Lakini binti alinipitia mwisho wa mwezi akaniambia mama hapigi tena ile namba. Amezitoa nguo za Njiti, akazifua kwa dawa ya hospitali, akazipeleka hospitalini wazivae wagonjwa wasio na ndugu. Lango analifunga saa kumi na mbili na kulala. Matunda yakiletwa anayaacha mpaka yanaingia vijidudu, yeye aliyekuwa hawezi kuona pera likioza.

"Tulitaka apumzike," binti alisema. "Ndiyo amepumzika, mjomba. Anapumzika mchana kutwa."

Mwana mkubwa alirudi nyumbani akaitafuta ile trei ya mraba, akaikuta, akamwekea jikoni. Haikuguswa. Kabla mwaka haujaisha binti alimchukua kwake, kwenye chumba cha nyuma ya cherehani, maana alikuwa ameanza kusahau kula.

Mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba kwenda kwangu kutamkumbusha. Nilijiambia kazi ni nyingi. Fundi viatu, ambaye miaka kumi na tano hakuwahi kuniambia neno la maana, aliniambia, "Wewe bwana, hata mbwa akikuuma unamwomba msamaha, lakini huyu uliyemkosea kweli unamkimbia." Nikatengeneza trei nyingine. Niliikata kwa kipimo kilekile, usiongeze wala usipunguze, nikazilehemu kona zote nne kwa ndani ili maji ya matunda yasipate pa kuingilia hata yakilala mwaka mzima. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku niliyoipeleka zilikuwa zimebaki wiki tatu afariki, ingawa hatukujua.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, na marobota ya vitambaa vya binti yake mpaka darini. Cherehani ililia upande wa pili wa pazia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu imefunikwa, ameelekea ukutani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Binti alimwambia, "Mama, mjomba fundi amekuja," akatuacha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Kaa, hicho kiti hakivunjiki."

Sauti ilikuwa ya upole, na hilo lilinishinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima yalikuwa ya kujibu hasira, na kwa upole sikuwa na hata moja. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nilijua, na siku mbili nilikuwa nazo, na mtaa mmoja na nusu haukuwa mbali. Nadhani nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwa mkupuo, na mengine hayakuwa ya trei.

Alisikiliza yote. Hakusema nimesamehe wala sijasamehe. Akanyoosha mikono, nikampa. Aliiweka mapajani, akazishika kona kwa kidole gumba, moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole kilikaa. Cherehani upande wa pili ilisimama, ikaanza tena.

Kisha akanirudishia.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Kampe mwenye mtu wa kumngoja."